Nyumba ya Kwanza Haisifiwi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msihangaike kumtafuta, maana wajinga wa mapenzi wana tabia ya kujificha hadi mwisho wa mambo, na mimi nimechoka kujificha. Nilivaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, viatu vikang'aa, manukato nikajipulizia hadi mama muuza karanga wa pale langoni akapiga chafya. Ungeniona ungesema bwana harusi huyo. Kumbe nilikuwa nakwenda kuuza nyumba, na moyoni nimebeba kisasi nilichokichemsha kwa moto mdogo miaka na miaka, mpaka kikaiva kama maharage.

Mimi ni dalali. Jina nililopewa na mama yangu watu wamelisahau. Wananiita Kasuku, kwa sababu mdomo wangu haujui likizo. Wakati huo nilikuwa nauza nyumba katika ghala la zamani la forodha, pale bandari kongwe ya ziwani. Ghala lenyewe lilijengwa enzi za meli za moshi. Kuta zake ni za mawe, pana kiasi cha mtu kulala dirishani, na nje bado zipo pete za chuma zilizokuwa zikifungiwa vyombo, na reli iliyozama ardhini, haipeleki tena kitu popote. Kampuni ililinunua likiwa makazi ya popo, ikaligawa vipande vipande, ikaweka jiko, bafu na milango ya bluu, kisha ikatangaza kwamba hizo ni nyumba za bei ya mtu wa kawaida. Watu wa kawaida wakaja mbio, maana ndio sisi tulio wengi.

Asubuhi hiyo ofisi ilinipigia simu kuniambia kuna wateja wawili, mama na binti yake. Mama ni mkunga mstaafu, binti anaoka mikate ya kuuza madukani. Wanataka pa kuingia upesi, kwa kuwa baba wa nyumba amefariki na ndugu zake wameiuza nyumba ya familia machozi hayajakauka. Niliuliza mkunga yupi. Nilipojibiwa niliweka simu chini nikacheka peke yangu, kicheko ambacho hata mimi mwenyewe hakikunipendeza.

Binti huyo nilimpenda. Nilimwita Hamira, kwa sababu akiingia mahali kila kitu kinaumuka: mazungumzo, vicheko, na moyo wangu ukiwa wa kwanza. Tulikuwa tukizunguka mitaa ya bandarini tukijifanya wanunuzi, mimi nikijifunza kazi, yeye akiigiza tajiri mwenye mkoba anayenusa kila kona na kuuliza kama choo kinakuja na mtu wa kukisafisha. Nilimfundisha siri zote za udalali. Naye alinifundisha jambo moja tu, kwamba mwanamke akicheka huku amekutazama machoni, usihesabu tena siku ile kuwa imepotea.

Nikaenda kuposa. Nilimchukua mjomba, tukakaa sebuleni kwao, chai ikaletwa na biskuti kwenye sahani ya maua. Hamira alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kama inavyompasa anayezungumziwa. Mama yake akaniuliza nakaa wapi. Nikasema nimepanga chumba. Akaniuliza kina milango mingapi, nikataka kufanya utani, nikasema mmoja, na huo nao huwa unakwama. Hakucheka. Akasema, "Mwanangu aende kuishi kwenye chumba cha kupanga, kitanda nyuma ya pazia? Hata kuku ana kiota chake."

Nilisimama hapo hapo. Sikumuaga mtu, sikumtazama mtu. Nilimwacha mjomba na biskuti mdomoni, nikatoka, nikatembea hadi miguu ikawaka moto, nikaapa kwamba yule mama iko siku atasimama mbele yangu akiomba mlango. Na sasa siku imefika, tena imejileta yenyewe.

Niliwapokea langoni. Mama alikuwa amepungua mwili, anatembea akiegemea upande mmoja, magoti yakimsumbua. Nikasema shikamoo kwa sauti ya mtu mwenye ofisi. Akaitikia marahaba, akanitazama juu hadi chini, akasema, "Umenenepa." Basi. Hakutahayari, hakuinamisha macho, kana kwamba mara ya mwisho tulionana juzi sokoni.

Hamira alikuwa nyuma yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa yale macho. Yalikuwa yale yale, ila sasa yananitazama kama mtu anavyotazama mkate wa jana: si mbaya, lakini mkono wake hauendi kuuchukua. Kwenye kiwiko alikuwa na alama ya unga aliyoisahau. Nikatazama kidole chake. Hakikuwa na pete. Nikajikaripia kwa kutazama, kisha nikatazama tena.

"Bwana dalali," akasema, "tuoneshe basi."

Bwana dalali. Maharage yangu yakachemka upya.

Hapa lazima niwaambie namna tunavyofanya kazi. Dalali anayejua kazi yake huonesha nyumba tatu. Ya kwanza ni mbovu; ukiingia humo unafunga mdomo, unaacha mteja akunje pua mwenyewe. Ya pili ni nzuri kupita kiasi, na bei yake haishikiki. Hiyo ni ya kumfanya ahuzunike. Ya tatu ndiyo unayoiuza, na mteja akiifikia anaona kama Mungu amemkumbuka. Kanuni kubwa ya mchezo ni kwamba nyumba ya kwanza haisifiwi. Ukiisifu, ya tatu haitakuwa na utamu.

Lakini mimi siku ile sikutaka kuuza ya tatu. Nilitaka kuwauzia ya kwanza.

Ilikuwa ile ya mwisho kabisa kwenye mteremko, inayogusana na maji. Ziwa likijaa msimu wa mvua hupenya chini ya sakafu, likakaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Kampuni ilikuwa imesema isiuzwe mpaka sakafu iinuliwe. Mimi asubuhi ile ile niliposikia habari za mkunga nilikwenda na ndoo na brashi, nikapaka chokaa mwenyewe juu ya alama ya maji, nikafungua madirisha, nikaweka chungu cha maua mlangoni. Nilikuwa napaka huku napiga mluzi.

Basi tulipoingia nikaanza. Nilizisifu kuta mpaka nikaona kama zinajinyoosha. Nikausifu upepo, nikalisifu dirisha, nikamwambia mama kwamba kwa magoti yake hakuna ngazi hata moja humu, anatoka kitandani anafika jikoni kama malkia. Mama akawa anaitikia kwa kichwa. Alikaa kwenye ukingo wa dirisha akashusha pumzi, na nikaona kwamba mwanamke huyu amechoka, amechoka kweli, na angekubali chochote chenye paa.

Hamira aliusogelea ukuta. Alipitisha kiganja ukutani, kikarudi cheupe. Akakitazama. Kisha akanitazama mimi, akaniuliza taratibu mambo ya hapa yanakuwaje mvua zikianza.

"Ziwa linauheshimu ukuta huu kama mkwe," nikajibu.

"Mkwe," akasema.  Kitu fulani kilipita usoni mwake, kitu kama taa inayozimwa chumba cha mbali.

Mama akasema hii inawatosha, na kama mimi sina tatizo wangemaliza leo leo, maana wenye nyumba kule wanataka funguo. Ningenyamaza hapo, kisasi kingekuwa kimekamilika. Msimu wa mvua ungefika, ziwa lingefanya kazi yangu, na mimi ningekuwa nimelala kwangu nikisikiliza matone. Lakini mpenda sifa hawezi kuiba kimya kimya. Nilitaka waone kwanza walichokikataa. Nikawaambia kabla hatujamaliza, waje waoshe macho kidogo, kuna nyumba moja hapo juu haiuzwi lakini si dhambi kuitazama.

Nyumba hiyo ilikuwa yangu.

Niliinunua ghala lilipofunguliwa tu, kona ya juu, yenye mlango mpana unaofunguka moja kwa moja kuelekea ziwani. Nilipiga msasa mbao za zamani za sakafu kwa mikono yangu. Niliweka rafu, taa, meza ya duara, na kiti kimoja cha kukalia kizuri sana, cha kuegemea, ambacho nilikinunua nikimfikiria mama huyu huyu. Nilishamwona akisimama mbele yake mara nyingi kichwani mwangu, akitafuta leso.

Akaingia, akatazama huku na huku, akakaa kwenye kiti chenyewe bila kukaribishwa, akalegeza viatu.

"Nyumba nzuri," akasema. "Ya nani?"

Swali hilo nililisubiri miaka. Nikakunja mikono kifuani.

"Ya kuku aliyekosa kiota, mama."

 Nje winchi ya bandari ililia mara moja ikanyamaza. Nikangoja uso wake uanguke. Haukuanguka. Alinitazama kwa namna ambayo bila shaka aliwatazama wanawake wengi waliokuwa wakipiga kelele kabla ya wakati.

"Kumbe wewe bado uko siku ile," akasema. "Mimi nilidhani ulikwenda zako."

"Ulinifukuza."

"Nilikufukuza kwa neno gani? Lirudie."

Nikalirudia kama mtoto anayesomeshwa, chumba cha kupanga, kitanda, pazia, kuku, kiota.

"Endelea."

"Hakuna kuendelea, mama. Ndiyo yaliyokuwepo."

"Ndiyo uliyoyangoja wewe," akasema. "Kwani hukulelewa na watu? Mtu mzima akianza na ukali humalizia na busara, ndivyo tulivyo, lazima kwanza tukohoe. Nilisema hata kuku ana kiota chake. Nikameza mate. Nilitaka kusema, lakini mwenye kuolewa si mimi, yuko ndani, aitwe aulizwe kama kiota anakitaka au hakitaki. Nilipoinua macho, nikamkuta mjomba wako na biskuti yake."

Nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Nikatafuta la kusema, na mimi ni Kasuku, maneno hayajawahi kuniishia. Nikapata moja tu, bovu, nikamwambia basi angeniita nirudi.

"Mimi nilikuwa mkunga," akajibu. "Kazi yangu ilikuwa kuwapokea wanaokuja. Wanaotoka mbio sikufundishwa kuwakimbiza."

Hamira alikuwa amesimama mlangoni, ametupa mgongo, anatazama maji. Akamwomba mama yake aende kutazama bomba la nje kama lina nguvu. Mama akasema bomba amekwisha kuliona. Hamira akamtazama tu. Mama akavaa viatu vyake, akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake, na nikasikia anaanza kuzungumza na muuza karanga kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, ili tujue kwamba hasikilizi.

"Nilitoka nyuma ya pazia," Hamira akasema. Hakugeuka. "Nilikuwa na jibu langu. Nilikuwa nimelirudia mbele ya kioo ili nisicheke. Nikatoka, nikakuta kikombe chako bado kinatoa moshi."

"Jibu lilikuwa nini?"

"Lile lilikuwa la siku ile."

Nikasogea. Nikamwambia kwamba yote haya, mbao hizi, rafu hizi, mlango huu, niliyafanya kwa ajili yake. Nilisema kwa moyo, na nilipokuwa nikisema niliamini.

Ndipo akageuka. "Ungekuwa unafanya kwa ajili yangu, ungekuja kugonga dirisha langu usiku ule ule. Ningetoka. Ningeishi na wewe kwenye chumba chenye mlango unaokwama, tungeusukuma pamoja. Hii umeijenga kwa ajili ya mama yangu. Mimi miaka yote hii hukuniuliza hata kama nimekula."

"Niliumia, Hamira."

"Wote tuliumia. Mimi nilioka mikate. Wewe ulifanya nini na maumivu yako? Na ile nyumba ya kule chini, ile ulikuwa unatuuzia kwa ajili ya nani?"

Nikajifanya sielewi. Nikasema ni nyumba tu kama nyingine, ina upepo.

"Uliisifu," akasema.

 Akaendelea polepole, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichomwazima. Kwamba mimi ndiye niliyemfundisha, kwa midomo yangu, nyumba ya kwanza dalali hufunga mdomo. Na leo nimeingia humo nikiimba kama mtu wa harusini. Alijua pale pale kwamba nataka waichukue, na kama nataka waichukue, basi kuna jambo. Chokaa ilimwambia lililobaki.

"Unga wangu ungeoza gunia kwa gunia," akasema. "Mama angelala juu ya maji na magoti yale. Ulikuwa unatabasamu, Kasuku. Nilikutazama ukitabasamu, nikasema moyoni, ngoja kwanza niuone mwisho wa huyu mtu."

"Mbona hukusema mbele ya mama?"

"Kwa sababu mama anakupenda. Alikupenda tangu ulipomwambia mlango wako unakwama. Usiku ule alicheka mpaka akakaa chini, alipokuwa peke yake. Sikutaka ajue ulichokuja kumfanyia."

Sasa hapo, ndugu zangu, kama kungekuwa na popo hata mmoja amebaki ghalani ningemwomba tubadilishane mahali. Nilikaa juu ya meza. Nikamwambia achukue nyumba hii, hii hii, waingie leo, yeye na mama, mimi nitakwenda kupanga chumba popote. Nilikuwa namaanisha. Nilitoa funguo mfukoni nikazinyoosha.

Hamira akazitazama, akacheka kidogo, kicheko kile cha zamani lakini kimeongezwa pilipili.

"Mtu anayetoa kitu akiwa na haya hukidai haya ikimwisha," akasema. "Weka mfukoni. Ya tatu iko wapi?"

"Ya tatu ipi?"

"Kuna ya tatu siku zote. Ile unayoiuza kweli."

Nilijua iko wapi. Ilikuwa mlango unaofuata. Nilikuwa nimeificha kwa ajili ya mteja mwingine, kwa sababu ilikuwa nyumba bora kuliko zote kwa bei ile: sakafu imeinuliwa, jua la asubuhi linaingia hadi jikoni, na kwenye kona lilibaki jiko la matofali la walinzi wa zamani wa forodha, lenye bomba lake la moshi, zima kabisa. Kwa mwoka mikate ilikuwa kama imeandikwa jina lake. Na ilikuwa imegusana na kwangu ubavu kwa ubavu.

Nikaifungua, kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Na pale mimi, mtu anayeweza kumuuzia samaki ndoo ya maji, nikaanza kuiponda nyumba nzuri. Nikasema jua la asubuhi linaumiza macho. Nikasema jiko la matofali linaleta mende. Nikasema ziwa linapiga kelele. Hamira akawa anapita akifungua kabati na kulifunga, akaingiza mkono kwenye jiko la matofali hadi begani, akautoa mweusi, na uso wake ukawaka kwa furaha ambayo haikunihusu hata kidogo. Mama naye akaingia, akajaribu bomba, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema ataweka kitanda chake hapa na hakuna wa kumtoa.

"Hamira," nikanong'ona mama alipopita kwenda bafuni, "ukuta huu ni wa mbao na plasta. Wameugawa kwa bei rahisi. Kijiko kikianguka kwako, mimi nitakisikia kwangu."

"Nimeona," akasema.

"Utakuwa hapo kila siku."

"Nitaamka alfajiri kukanda unga, utanisikia. Mkate ukiiva, harufu itakuja mpaka kitandani kwako, na hutapata hata ganda. Wateja watakuja, nitacheka nao. Siku moja labda atakuja mtu kumuuliza mama jambo, naye atakaa mpaka chai iishe, na hayo pia utayasikia. Ulitaka mama aone ulichokipata. Mimi nataka usikie ulichokiacha."

"Huo ni ukatili."

"Ni bei ya mtu wa kawaida," akasema. "Andaa karatasi."

Alikuwa karibu nami kuliko wakati wowote tangu enzi zile. Nilisikia harufu ya hamira na moshi wa jiko, nikaona alama ile ya unga kwenye kiwiko, na mkono wangu ukataka kwenda wenyewe kuifuta. Niliuzuia. Lakini mdomo sikuweza kuuzuia, mdomo wangu haujui likizo.

"Ukuta una pande mbili," nikamwambia. "Nikikohoa utanisikia. Nikikosa usingizi utanisikia nikitembea. Na siku nikishindwa, nikija kukuuliza tena lile swali nililokimbia jibu lake, utanifanya nini?"

Akachukua funguo za nyumba ile ya tatu mkononi mwangu, moja baada ya nyingine, bila kunigusa kidole.

"Siku hiyo, jirani, piga hodi kama watu, kaa kitini, na unyamaze mpaka nimalize kujibu."